Nyusi za Bi Harusi: Historia Iliyo Juu ya Macho Yetu



Mwaka jana, siku nne kabla ya nikaha yake, mwari mmoja aliingia dukani kwangu na shangazi yake. Walikuja kujaribu gauni na nikabu. Gauni lilimkaa vizuri, mashallah, halikuhitaji hata sindano moja ya marekebisho. Nilipoanza kumfunga nikabu akanishika mkono. "Dada, huu mkanda wa juu hauwezi kushuka kidogo?"

Kwa kawaida mkanda wa nikabu naupitisha juu kidogo ya nyusi. Nikamwambia anyanyue uso nimtazame. Subhanallah! Nyusi zote mbili zilikuwa zimevimba, ngozi imechubuka na inatoa majimaji. Alikuwa amekwenda kutinda nyusi, halafu akapakwa piko ili ziwe nyeusi kwa ajili ya picha. Usiku ule ule zikaanza kumuwasha, na asubuhi hakuweza kufumbua jicho moja vizuri.

Alikaa kwenye kigoda changu akalia. Kisha akaniuliza: "Hivi vinywele hivi vina kazi gani hasa, mpaka niteseke namna hii?" Shangazi yake akajibu kwa hasira kwamba havina kazi, ni pambo tu. Mimi sikuwa na jibu. Nilichukua mkasi, nikafumua mkanda, nikaushusha.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza, na leo nakuleteeni nilichopata. Si hadithi ya urembo peke yake. Nyusi zina kazi mwilini, zina historia ndefu, na zimetajwa katika dini yetu. Bi harusi anayajua haya kabla hajamkabidhi mtu uso wake, au anayajua baadaye kama mwari wangu.

Kazi aliyozipa Mola

Tuanze na jambo jepesi. Simama mbele ya jiko la mkaa mchana wa joto la Unguja, upike biriani ya watu hamsini. Jasho linateremka kwenye paji la uso, lakini mara nyingi haliingii jichoni. Linafika kwenye unyusi, linapinda, linashuka pembeni ya uso. Ukizitazama nyusi kwa karibu kwenye kioo utaona kwamba vinywele havikuota ovyo. Vile vilivyo karibu na pua vinaelekea juu. Vya katikati vinalala kuelekea pembeni. Na kwenye mkia, vya juu vinainama chini na vya chini vinainuka, vikutane katikati. Umbo lote ni kama mfereji wa paa, unaopeleka maji ya mvua na jasho mbali na jicho.

Chini ya vinywele kuna ngozi nene, na chini ya ngozi kuna misuli. Msuli mmoja mpana wa paji la uso unazipandisha nyusi juu. Mwingine mdogo unazivuta pamoja kuelekea pua, ndio unaokunja ndita. Mwingine unashusha ngozi ya katikati ya nyusi, na mwingine unaozunguka jicho unasaidia kuzishusha zote. Kwa misuli hiyo michache tunashangaa, tunakasirika, tunauliza, tunakataa na tunasalimia mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kufungua mdomo. Nani kati yetu hakunyamazishwa na mama yake mbele ya wageni kwa unyusi mmoja tu uliopanda?

Viziwi wanaozungumza kwa lugha za alama wanalijua hili kuliko sisi. Katika lugha nyingi za alama, nyusi ni sehemu ya sarufi. Zikipanda, sentensi inaweza kuwa swali la ndiyo au hapana. Zikikunjwa, inaweza kuwa swali la nani au kwa nini.

Madaktari pia huzisoma nyusi. Mtu akipooza upande mmoja wa uso, daktari humwambia apandishe nyusi. Upande ule wa paji la uso usiponyanyuka, hushuku mshipa wa fahamu wa uso wenyewe. Ukinyanyuka ilhali mdomo umepinda, hushuku ubongo. Nyusi zikipukutika mikia bila kuguswa, huenda tezi ya shingoni haifanyi kazi yake sawasawa. Na tangu zamani, kupotea kwa nyusi ilikuwa moja ya dalili za ukoma zilizojulikana.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio moja la ajabu. Walichukua picha za watu mashuhuri, katika baadhi wakafuta macho na katika nyingine wakafuta nyusi, kisha wakawauliza watu: huyu ni nani? Walioonyeshwa sura zisizo na nyusi walishindwa kuwatambua zaidi kuliko walioonyeshwa sura zisizo na macho. Sura tunayoijua, kwa sehemu kubwa, tunaijua kwa nyusi zake.

Kuna na jambo la kale zaidi. Mwaka 1921, wachimba madini wa Kabwe, katika Zambia ya leo, waliokota fuvu la kale lenye mfupa mnene uliotokeza juu ya macho kama ukingo wa kofia. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha York, Uingereza, walilipima fuvu hilo kwa kompyuta. Waliona kwamba mfupa ule haukuhitajika kwa kutafunia. Rai yao ni kwamba huenda ulikuwa wa kuonyesha ukubwa mbele ya wengine, na kwamba paji la uso laini tulilonalo sisi ndilo linalozipa nyusi nafasi ya kucheza na kuzungumza. Sisi tunaamini Mola ametuumba kwa umbo lililo bora. Nikisoma haya, imani hiyo inazidi kunikaa moyoni.

Kila umma na nyusi zake

Kama nyusi ndizo zinazotambulisha uso, si ajabu kwamba watu walizitumia kutangaza mambo makubwa ya maisha: msiba, cheo, na zaidi ya yote ndoa.

Huko Misri ya mafirauni, wanawake na wanaume walizikoleza nyusi na macho kwa wanja uliosagwa kutoka kwenye mawe yenye madini ya risasi. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alisimulia kwamba paka akifa katika nyumba ya Wamisri, watu wa nyumba ile walinyoa nyusi zao. Aliyekutana nao njiani alijua mara moja kwamba kuna msiba.

Uajemi, katika zama za wafalme wa Qajar, kati ya miaka ya 1789 na 1925, uzuri ulikuwa nyusi nene zilizokutana. Ambaye zake hazikukutana alizichora zikutane. Michoro ya wakati ule inaonyesha wanawake, na hata vijana wa kiume, wenye unyusi mmoja mrefu kama upinde. Na ilikuwa desturi huko kwamba msichana asiyeolewa haondoi nywele za uso wake. Harusi ikikaribia, wanawake walikusanyika, mjuzi akamtoa nywele kwa uzi uliosokotwa, kwa shangwe na tamutamu. Uso uliosafishwa ulikuwa tangazo: huyu sasa ni mke wa mtu. Mnaona inavyofanana na somo anapomuingiza mwari wetu ndani kwa singo na hina?

Japani walikwenda mbali zaidi. Wanawake wa kasri la mfalme waling'oa nyusi zote, kisha wakapaka madoa ya rangi juu kabisa ya paji la uso. Karne nyingi baadaye, katika zama za Edo zilizoishia mwaka 1868, mwanamke akiolewa alipaka meno rangi nyeusi, na akipata mtoto alinyoa nyusi. Mwaka 1870 serikali iliwakataza watu wa tabaka la juu desturi hizi, na mwaka 1873 mke wa mfalme mwenyewe akaziacha. Kilichokuwa heshima kwa mamia ya miaka kikaonekana ushamba katika muda mfupi.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Nyusi nene, nyusi nyembamba, nyusi zilizokutana, nyusi zisizokuwepo kabisa: kila moja iliwahi kuitwa uzuri. Mitindo imepita na wenyewe wamepita.

Bibi aliyeuliza swali

Sisi Waislamu tuna kisa chetu katika historia hii, na kimehifadhiwa katika Bukhari na Muslim. Sahaba Abdullah bin Mas'ud, Allah amridhie, alisimulia kwamba wamelaaniwa wanawake wanaochanja miili na wanaochanjwa, wanaotaka kung'olewa nywele za uso, na wanaotanua mianya ya meno kwa ajili ya uzuri, wakibadili umbile la Allah.

Habari zikamfikia bibi mmoja wa kabila la Banu Asad, aliyejulikana kwa jina la Ummu Ya'qub, msomaji wa Qur'ani. Hakunyamaza. Alikwenda kwa Ibn Mas'ud akamwambia kwamba ameisoma Qur'ani tangu mwanzo hadi mwisho na hakuliona jambo hilo. Ibn Mas'ud akamkumbusha aya ya Suratul Hashri inayotuamrisha kushika alichotuletea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na kuacha alichotukataza. Bibi yule akasema anadhani mke wa Ibn Mas'ud naye anafanya. Akaambiwa aingie ndani akatazame. Akaingia, akatazama, hakuona kitu.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu mwanamke aliuliza, akajibiwa kwa dalili, kisha mlango wa nyumba ukafunguliwa ili athibitishe kwa macho yake.

Wanazuoni waliokuja baadaye walilifafanua jambo hili. Imamu Abu Daud alieleza kwamba anayekusudiwa ni yule anayeuchonga unyusi mpaka uwe mwembamba. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 676 Hijria, alikataza, lakini akasema mwanamke akiota ndevu au masharubu si haramu kuyaondoa, bali inapendeza ayaondoe. Wapo mafakihi wa Kishafi walioliruhusu kwa mke kwa idhini ya mumewe, na wapo wa Kihanbali walioona kunyoa si sawa na kung'oa. Wengi wa masheikhe wetu wa leo wanakataza kutinda kwa ajili ya mtindo.

Mimi ni fundi wa nguo, si sheikhe. Sitoi fatwa. Ninachokuombeni ni kufanya kama Ummu Ya'qub: uliza kabla, kwa mwenye elimu unayemwamini. Mara nyingi tunauliza baada ya wembe kupita.

Kutoka barakoa hadi nikabu

Sasa turudi visiwani, na hapa niruhusuni niseme kama fundi.

Zamani za Sayyid Said bin Sultan na wanawe, mabibi wa Kiarabu wa Unguja walivaa barakoa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameieleza katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Ilikuwa hariri nyeusi iliyotiwa nakshi za nyuzi za dhahabu na fedha. Barakoa ilifunika paji la uso, nyusi na pua. Macho yalichungulia katika matundu, na chini mdomo na kidevu vilionekana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 likaja buibui. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na wanawake waliokuwa hawaruhusiwi kujistiri kama mabibi zao nao wakalivaa. Lilikuwa vazi la heshima kwa wote. Mwanamke akikutana na mwanamume, alivuta upande wa buibui kwa mkono akauficha uso.

Leo nikabu nyingi ninazoshona zinaanzia kwenye paji la uso, juu ya nyusi, na kufunika pua mpaka kifuani. Yaani imekuwa kinyume cha barakoa. Barakoa ilificha nyusi na kuacha mdomo. Nikabu yetu inaficha mdomo na kuacha nyusi. Aliyevaa nikabu hana kingine cha kuonekana isipokuwa macho na nyusi, basi pambo lote la uso limepanda kukaa hapo. Ndiyo maana wateja wangu wanaovaa nikabu ndio wanaozungumzia nyusi zaidi. Sikulaumu mtu hapa. Nimelifahamu jambo hili kwa kushika futi ya kupimia, nikiona mkanda unapita wapi.

Sinema, sumu na piko

Na mitindo ya nyusi zenyewe tumeitoa wapi? Katika miaka ya 1920 na 1930, sinema za Marekani zilieneza nyusi nyembamba kama uzi. Waigizaji kama Marlene Dietrich waliziondoa zao na kuchora nyingine juu yake kwa kalamu. Kwetu Unguja zilipendwa mno sinema za Kihindi na za Kimisri, na palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Bibi na mama zetu walikaa gizani pale wakatazama nyusi za Bombay na Cairo zikipanda na kushuka kwenye kitambaa kikubwa kuliko nyumba.

Lakini huko Marekani mtindo ule ulileta maafa. Mwaka 1933 ilikuwa ikiuzwa rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali ambayo kwa kifupi huitwa PPD. Wanawake waliopakwa walivimba macho, wengine wakapofuka, na mmoja akafariki. Wakati ule sheria ya nchi haikuipa serikali uwezo wa kuzuia vipodozi. Picha za wanawake wale ziliwekwa katika maonyesho ya bidhaa za hatari, watu wakashtuka, na mwaka 1938 ikapitishwa sheria mpya ya vyakula, dawa na vipodozi. Lash Lure ikawa ya kwanza kukamatwa kwa sheria hiyo.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilisita. Kwa sababu kemikali hiyo hiyo ndiyo inayopatikana katika piko. Piko ni rangi ya nywele. Wengi tunaichora mikononi na miguuni, na wengine sasa wanaipaka kwenye nyusi. Hina asilia ni jani, na rangi yake ni ya kahawia au nyekundu. Ikikuganda nyeusi tititi kwa muda mfupi, ujue kilichomo si jani peke yake. Mtu anaweza kupakwa mara tatu asidhurike, mwili ukawa umeshaikataa, na mara ya nne ikamuunguza. Maafa yaliyowafika wanawake wa mwaka 1933 yalimfika mwari wangu kwenye kigoda changu, miaka tisini baadaye.

Kabla hujakaa kwenye kiti

Na mimi nina langu. Siku ya kupambwa kwangu, miaka kumi na mitatu iliyopita, aliyenipamba aliteremsha wembe kabla sijasema ndiyo. Nikatoka na nyusi mbili kama uzi wa cherehani. Mama alinitazama akasema, "Mbona umekuwa kama mtu aliyeshtuliwa?" Nikacheka, na baada ya hapo nikaendelea kuzing'oa kwa miaka ili zibaki vile. Leo mikia yake haioti tena. Unywele wa unyusi hukua kwa wiki chache tu kisha hupumzika kwa miezi, na shina linalong'olewa mara kwa mara huchoka likafa. Katika picha za harusi yangu namuona bi harusi mzuri, lakini binti yangu akiziangalia huuliza, "Mama, huyu ni nani?"

Kwa hiyo, dada yangu unayejiandaa:

Mwambie anayekupamba, kwa maneno na mapema, kwamba nyusi zako hataki kuziguswa, au kipi unaruhusu na kipi huruhusu. Mpeleke somo au dada yako akusemee kama unaona haya.

Usijaribu kitu kipya usoni wiki ya harusi. Kama ni rangi yoyote, uliza ina nini ndani, na piko usiipeleke karibu na jicho hata kwa kubembelezwa. Ukipata muwasho au uvimbe, osha kwa maji mengi, uende hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri harusi ipite.

Zile nyusi za kuchanjwa kwa sindano na kutiwa rangi ndani ya ngozi, kumbuka kisa cha Ibn Mas'ud kinaanza na wanaochanja. Liulize kabla hujalipa.

Zitie mafuta kidogo, zichane kwa kiburashi laini zilale vizuri, na uziache. Nimewafunga nikabu maharusi wengi sasa, na wale walioziacha nyusi zao ndio ninaowatambua hata miezi mingi baadaye, nikikutana nao Darajani sokoni wamejifunika.

Mwari wangu aliolewa siku ile ile, alhamdulillah. Nikabu yake niliishusha mpaka kwenye ukingo wa jicho, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi watatu, na mumewe alipomfunua. Ameniambia kwamba hakusema kitu, alikwenda kuleta maji ya baridi na kitambaa. Nyusi zimerudi, ila upande wa kushoto kuna nafasi ndogo isiyoota kitu. Alipokuja dukani mwezi uliopita nilimpa jibu la swali lake, hili mlilolisoma leo. Akasikiliza mpaka mwisho, akapandisha nyusi zote mbili, akasema, "Kumbe!"

Allah awape maharusi wetu furaha, stara na afya. Wabillahi tawfiq.